Pasaka Bila Nguo Mpya: Makanisa ya Kibaptisti ya Birmingham, Alabama

Katika Kenya sikukuu ya Pasaka huja pamoja na mvua za masika. Wakulima huwa wamo katika kupanda au kupalilia, njia za udongo huwa na matope, na watu wengi hufika kanisani viatu wamevishika mkononi. Lakini katika nchi zilizo mbali upande wa kaskazini, Pasaka huja wakati wa namna nyingine. Huja baridi inapokwisha, na miti iliyopukutika majani inapoanza kutoa machipukizi. Kwa hiyo majira hayo huitwa majira ya machipuko.

Maelezo haya yahusu makanisa ya Kibaptisti ya Wamarekani Weusi katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Yaeleza jinsi washiriki wa makanisa hayo wanavyojitayarisha kwa Pasaka, na kwa nini katika mwaka 1963 walikubaliana kuiacha sehemu moja ya matayarisho hayo waliyoipenda sana, yaani kununua nguo mpya. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa moja ya sababu zilizobadili sheria na desturi za mji mzima.

MAJIRA NA TAREHE YA SIKUKUU

Baridi ya Alabama si kali kama ile ya kaskazini ya Marekani. Hata hivyo ni baridi ya kutosha kuikausha bustani, na kila mtu hufurahi ikiisha. Katika mwezi wa Machi na Aprili maua hufunguka mitini hata kabla ya majani kutimia. Mti mmoja wa huko waitwa dogwood. Maua yake yana kama petali nne nyeupe zilizopangwa mfano wa msalaba, na ncha ya kila moja ina alama ya rangi ya kutu. Wakristo wa huko husema ya kuwa alama hizo zawakumbusha misumari. Katika miezi hiyo hiyo wakulima hutayarisha mashamba ya pamba. Pia ni miezi ya hatari, maana pepo za kimbunga huweza kushuka ghafula na kubomoa nyumba.

Pasaka haina tarehe moja ya kila mwaka. Mkutano mkuu wa makanisa uliofanyika Nikea katika mwaka 325 uliamua kwamba Wakristo wote waishike siku moja. Kwa desturi ya makanisa ya magharibi, siku hiyo ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi, au unaoangukia tarehe hiyo hiyo. Ndiyo sababu Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Katika mwaka 1963 iliangukia tarehe 14 Aprili.

WABAPTISTI NI NANI

Kanisa la kwanza la Kibaptisti lilianzishwa na Waingereza waliokimbilia Amsterdam, katika Uholanzi, kwa sababu ya kuteswa kwa ajili ya imani yao. Hayo yalikuwa katika mwaka 1609, na kiongozi wao alikuwa John Smyth. Mwenziwe, Thomas Helwys, alirudi London pamoja na baadhi yao, akaanzisha kanisa huko yapata mwaka 1612. Jambo walilolishika sana ni kwamba mtu abatizwe akiwa anajua anachokiamini, wala si akiwa mtoto mchanga. Wabaptisti wa leo hubatiza kwa kumzamisha mtu mzima mzima ndani ya maji.

Jambo la pili, lililo muhimu sana kwa habari hii, ni namna wanavyojitawala. Wabaptisti hawana askofu anayeyaamrisha makanisa yote. Kila kanisa la mahali hujitegemea. Washiriki wenyewe humchagua mchungaji, huwachagua mashemasi, huamua matumizi ya sadaka, na hupiga kura juu ya mambo makubwa. Makanisa huweza kuungana katika chama ili kusaidiana, lakini chama hakina amri ya kuliondoa kanisa katika uamuzi wake.

Utawala wa namna hii uliwafaa sana Wamarekani Weusi. Makanisa yao ya kwanza ya Kibaptisti yalianzishwa katika majimbo ya kusini wakati utumwa ungaliko. Mojawapo la zamani sana lilikuwa Silver Bluff, South Carolina, katika miaka ya 1770. Utumwa ulipokomeshwa katika mwaka 1865, maelfu ya watu walitoka katika makanisa ya mabwana zao, ambamo walikuwa wameketishwa nyuma au ghorofani, wakajijengea makanisa yao wenyewe.

Mji wa Birmingham ulianzishwa mwaka 1871, mahali ambapo chuma, makaa ya mawe na chokaa vyapatikana karibu karibu. Watu weusi wengi waliacha mashamba ya pamba wakaenda kufanya kazi katika migodi na viwanda vya huko. Katika mwaka 1873 baadhi yao walianzisha kanisa ambalo sasa lajulikana kwa jina la 16th Street Baptist Church. Jengo lake la sasa lilimalizika mwaka 1911, nalo lilichorwa na Wallace Rayfield, aliyekuwa mchoraji wa majengo mweusi. Kwa watu waliofanya kazi chini ya wasimamizi Wazungu siku sita za juma, kanisa lilikuwa mahali pa pekee ambapo wao wenyewe walikuwa wenye nyumba, wenye mfuko wa fedha na wenye kura.

KAZI YA MATAYARISHO

Kwa kuwa kanisa ni mali ya washiriki, matayarisho ya Pasaka nayo ni kazi yao. Wabaptisti wengi wa kusini hawakuwa na desturi ya kufunga siku arobaini za Kwaresima kama Wakatoliki, lakini juma lililotangulia Pasaka lilikuwa na shughuli nyingi.

Wanakwaya hukutana jioni baada ya kazi na kufanya mazoezi ya nyimbo za ufufuo. Akina mama hufua vitambaa vya meza ya Bwana, huvitia wanga na kuvipiga pasi. Wengine huleta maua ya yungiyungi meupe na kuyapanga mbele ya mimbari, kila chungu kwa ukumbusho wa jamaa aliyefariki. Mashemasi hulitazama birika la ubatizo, ambalo katika makanisa mengi limejengwa ndani, karibu na mimbari, na hulijaza maji kwa ajili ya watakaobatizwa. Hao hubatizwa wakiwa wamevaa kanzu nyeupe. Zamani, na hata sasa mahali pengine pa mashambani, walibatizwa mtoni.

Watoto wa shule ya Jumapili hupewa kila mmoja maneno machache ya kukariri. Mdogo kabisa huweza kupewa mistari miwili tu, na mkubwa hupewa shairi zima. Siku ya Pasaka kila mtoto husimama mbele ya kanisa, husema maneno yake bila kusoma, huinama, na watu humshangilia hata kama amesahau katikati. Mafunzo hayo si mchezo. Wamarekani Weusi wengi walisema hadharani kwa mara ya kwanza katika maisha yao kwa njia hiyo. Oprah Winfrey, mtangazaji mashuhuri aliyezaliwa Mississippi mwaka 1954, amesimulia kwamba yeye naye alianza kusema mbele ya watu kanisani, katika sikukuu ya Pasaka, akiwa mtoto mdogo sana.

Siku ya Ijumaa Kuu makanisa kadhaa huweza kukusanyika pamoja, wahubiri saba wakapokezana, kila mmoja akihubiri juu ya neno moja katika yale saba aliyoyasema Yesu msalabani. Ibada hiyo huweza kuchukua saa nyingi. Jumapili yenyewe huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa ukumbusho wa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Baada ya ibada kuu familia hula pamoja chakula cha sikukuu, na watoto hutafuta mayai yaliyotiwa rangi na kufichwa majanini.

MAANA YA NGUO MPYA

Katika matayarisho yote hayo, nguo zilikuwa na mahali pa pekee. Mwanamke aliyefua nguo za wengine juma zima, na mwanamume aliyetoka mgodini na uso mweusi kwa vumbi la makaa, walitaka kusimama mbele ya Mungu siku ya Pasaka wakiwa nadhifu kabisa. Walitunza senti kwa miezi mingi. Wasichana walinunuliwa magauni ya rangi za maua na viatu vyeupe, wavulana wakanunuliwa suti, na akina mama walivaa kofia kubwa za sikukuu. Anayedhani ya kuwa hayo yalikuwa majivuno matupu hakuyafahamu. Mtu aliyeitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto siku sita, kanisani aliitwa Bwana au Bibi, naye alivaa kama Bwana au Bibi.

Lakini nguo hizo zilinunuliwa wapi? Zilinunuliwa katika maduka makubwa ya katikati ya mji, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Katika miaka hiyo sheria na desturi za Birmingham ziliwatenga watu kwa rangi karibu katika kila jambo. Sheria ya mji iliagiza kwamba mahali pa kulia chakula, Wazungu na watu weusi watengwe kwa ukuta wenye urefu wa futi saba kwenda juu, na kila upande uwe na mlango wake. Watu wa rangi mbili walikatazwa hata kucheza karata pamoja. Dukani fedha ya mtu mweusi ilipokelewa bila shida. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuketi kwenye meza ya chakula ya duka lile lile, wala kunywa maji katika bomba la Wazungu, na vyumba vya kujaribia nguo vilikuwa vya kutengwa vile vile. Wala hakuajiriwa kuwa mwuzaji. Mama aliweza kumnunulia binti yake gauni la kwendea kwa Mungu, asiweze kumwambia kwa nini hawawezi kuketi na kunywa soda.

KUJARIBU KWA MARA YA KWANZA

Katika mwaka 1956 chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi kilipigwa marufuku na korti katika jimbo la Alabama. Siku chache baadaye Fred Shuttlesworth, mchungaji wa Bethel Baptist Church katika Birmingham, alikusanya watu wakaanzisha chama kipya, chenye jina la Chama cha Kikristo cha Alabama cha Kutetea Haki za Binadamu. Mikutano yake ilifanywa makanisani, kila Jumatatu usiku, kwa nyimbo, maombi, taarifa na mchango wa fedha. Usiku wa Krismasi wa mwaka huo nyumba ya mchungaji huyo ililipuliwa kwa baruti naye akiwa kitandani. Alitoka akiwa hai, akaendelea na kazi.

Katika majira ya machipuko ya mwaka 1962 wanafunzi wa chuo cha Miles, wakisaidiwa na chama hicho, waliwaomba watu wasinunue katika maduka ya katikati ya mji. Waliwasihi wavae nguo zao kuukuu kwa ajili ya uhuru. Biashara ya maduka ilipungua sana. Wakuu wa mji walijibu kwa kuondoa mchango wa mji katika mpango wa kuwagawia maskini chakula, na wengi wa maskini hao walikuwa weusi. Baadaye katika mwaka huo wenye maduka waliahidi kuziondoa alama za ubaguzi. Baadhi yao waliziondoa, lakini baada ya muda zilirudishwa.

Hapo watu wa makanisa walipata mafunzo mawili. Waliona kwamba ahadi isiyo na mkazo haidumu, na kwamba fedha za Pasaka zilikuwa na nguvu kubwa kuliko walivyodhani.

JUMA KUU LA MWAKA 1963

Shuttlesworth alimwalika Mchungaji Martin Luther King wa Atlanta aje kusaidia. King naye alikuwa Mbaptisti. Alikuwa mchungaji pamoja na baba yake katika Ebenezer Baptist Church. Mpango ulitengenezwa kwa kufuata kalenda ya sikukuu, kwa sababu baada ya Krismasi hakuna wakati mwingine ambapo maduka ya Marekani ya kusini yaliuza sana kama kabla ya Pasaka. Kazi ilikuwa ianze mwezi wa Machi, lakini iliahirishwa ili isivuruge uchaguzi wa mkuu wa mji. Uchaguzi ulimalizika tarehe 2 Aprili, na siku ya pili yake kazi ikaanza.

Vijana walikwenda kuketi kwenye meza za chakula walizokatazwa, wakakamatwa. Wakati huo huo watu waliombwa wasinunue kitu katikati ya mji. Kila usiku mikutano ilifanywa katika makanisa, na kwaya ya chama, iliyoongozwa na Carlton Reese, iliimba. Vipawa vilivyokuwa vikitumika kutayarisha Pasaka sasa vilitumika kwa kazi nyingine. Waliozoea kupokea watu mlangoni waliwapokea wanaojitolea kwenda jela, na waliozoea kukusanya sadaka walikusanya fedha za dhamana. Kila aliyejitolea alitakiwa kuahidi kwamba hatampiga mtu wala kumtukana, hata akipigwa.

Isidhaniwe ya kuwa kila kanisa lilikubali mara moja. Kwa kuwa hakuna askofu wa kuamrisha, kila kanisa lilipaswa kushawishiwa kwa maneno. Wachungaji wengi weusi walisitasita. Baadhi walisema saa haijafika, kwa kuwa mkuu mpya wa mji alikuwa hajapewa nafasi. Wengine waliogopa majengo yao kulipuliwa na washiriki wao kufukuzwa kazini. Hofu hiyo haikuwa ya bure. King alikaa nao mara nyingi akiwaeleza, na wengi wakakubali.

Jumapili ya Mitende, tarehe 7 Aprili, wachungaji watatu wa Kibaptisti waliongoza maandamano, nao polisi walileta mbwa. Mmoja wa wachungaji hao alikuwa A. D. King, ndugu yake Martin Luther King. Usiku wa kuamkia Alhamisi walipokea amri ya korti ya kuwakataza kuandamana. Kisha ikaja habari mbaya zaidi: fedha za dhamana zilikuwa zimekwisha, na mamia ya watu walikuwa tayari wameahidi kwenda jela.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu viongozi wapatao 24 walikutana katika chumba cha hoteli ya A. G. Gaston, mfanya biashara mweusi. Wengine walisema King asikamatwe, bali aende akatafute fedha. King aliingia chumba cha pili, akasali peke yake. Alipotoka alikuwa amevaa nguo za kazi, suruali na shati la kitambaa kigumu kama cha wafanya kazi wa viwandani. Ralph Abernathy, mchungaji mwenziwe, alivaa vile vile. Kila mtu alifahamu maana yake. Mchungaji wa Kibaptisti asiyeonekana bila suti nyeusi alikuwa amewaambia watu, bila kusema neno, kwamba Pasaka hiyo hakuna nguo mpya kwa mkubwa wala kwa mdogo. Maandamano yalitoka katika kanisa la Zion Hill, na baada ya mwendo mfupi watu wapatao 50 walikamatwa. King aliwekwa katika chumba cha peke yake. Nyumbani Atlanta mkewe alikuwa na mtoto mchanga, aliyezaliwa tarehe 28 Machi.

JUMAPILI YA PASAKA

Tarehe 14 Aprili makanisa ya watu weusi yalijaa kama kila mwaka. Nyimbo ziliimbwa na mahubiri yalihubiriwa. Wengi walikuwa wameitikia ombi la viongozi na hawakununua nguo. Wengi wa akina mama wenye watoto walioahidiwa magauni tangu Krismasi hawakuyanunua, na hilo halikuwa jambo jepesi kuwaeleza watoto.

Asubuhi hiyo baadhi ya waumini weusi walikwenda kuabudu katika makanisa ya Wazungu. Mengine yaliwafukuza mlangoni. Mawili yaliwapokea, moja la Kipresbiteri, na la pili First Baptist Church. Katika hilo la pili mchungaji, Earl Stallings, aliwaamkia na kuwapa mkono hadharani, jambo ambalo baadhi ya washiriki wake hawakumsamehe. Siku mbili baadaye, katika barua aliyoiandika jela, King alimtaja Stallings kwa jina na kumshukuru kwa kuwakaribisha watu weusi kanisani mwake. Barua hiyo ilikuwa jibu kwa viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliosema kwamba maandamano hayakuwa ya busara. Stallings mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wanane. Barua hiyo sasa husomwa ulimwenguni pote.

YALIYOFUATA

King alitoka kwa dhamana tarehe 20 Aprili, lakini mapambano hayakwisha. Tarehe 2 Mei mamia kwa mamia ya watoto wa shule walitoka 16th Street Baptist Church, kundi baada ya kundi, wakiimba, wakakamatwa. Siku ya pili yake Eugene Connor, msimamizi wa polisi na zima moto, aliamuru mabomba ya maji na mbwa vitumiwe juu ya watoto. Picha zilizochukuliwa zilifika kila nchi. Mwezi huo huo viongozi wa Afrika walikuwa Addis Ababa wakianzisha Umoja wa Nchi za Afrika. Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda, alimwandikia Rais Kennedy barua ya wazi ya kulaani mambo ya Birmingham.

Maduka yalikuwa matupu tangu kabla ya Pasaka, na wenye biashara walikuwa wamechoka. Tarehe 10 Mei mapatano yalitangazwa. Inafaa kuangalia jambo la kwanza lililotakiwa kutimizwa, kwa muda wa siku tatu tu: vyumba vya kujaribia nguo vifunguliwe kwa watu wote. Baada ya hayo ziliwekwa siku za kuondoa alama za ubaguzi katika mabomba ya maji na vyoo, kufungua meza za chakula, na kuanza kuajiri watu weusi kazi za dukani. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1964, Rais Johnson alitia sahihi sheria ya Marekani nzima iliyokataza ubaguzi huo.

Faida hiyo haikupatikana bure. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963 wabaguzi walilipua bomu katika 16th Street Baptist Church wakati watu wakijitayarisha kwa ibada. Wasichana wanne waliuawa: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Kwa miezi mingi kanisa halikutumika, kisha likatengenezwa na washiriki wakarudi.

KURA NI MALI YA WASHIRIKI

Mambo ya Birmingham yaonyesha uzuri wa kanisa linalojitawala, na pia hatari yake. Wabaptisti weusi waliweza kutenda kwa sababu hakuna tajiri wala mkuu wa mji aliyeweza kumwondoa mchungaji waliyemchagua wenyewe. Lakini kura yaweza kufungua mlango, na yaweza kuufunga. Katika mwaka 1970, First Baptist Church, ile ile iliyowapokea wageni weusi siku ya Pasaka, ilipiga kura juu ya kumpokea mama mmoja mweusi na binti yake kuwa washiriki kamili. Hawakupata kura za kutosha. Mchungaji wa wakati huo na mamia ya washiriki walitoka, wakaanzisha kanisa jingine lililo wazi kwa watu wa rangi zote.

Habari hii yawahusu pia Wabaptisti wa Kenya. Wamisionari wa Kibaptisti waliofika Kenya katika mwaka 1956 walitumwa na chama cha makanisa ya Wazungu wa Marekani ya kusini, na mwaka huo ndio Shuttlesworth alipolipuliwa nyumba yake. Imani waliyokuja nayo ilikuwa na jina lile lile, na utawala wa kanisa ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa katika namna washiriki walivyoitumia kura na sadaka yao.

Katika mwaka 2017 mtaa ule, pamoja na kanisa na hoteli ya Gaston, ulitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa la Marekani. Hata hivyo 16th Street Baptist Church si makumbusho tu, maana washiriki wake wangali wanaabudu humo. Machipuko yanapokaribia Pasaka hutayarishwa tena, nao wanaotaka nguo za sikukuu huingia dukani wakazijaribu kwanza, kisha ndipo wanapozilipia.